Mada ya mdahalo wa Jumamosi

Dada Zuhura,

Salamu nyingi kwako na watoto. Huku sote wazima. Rasimu ya mada yako nimeipata jana kwa Baba Neema, nami naandika haraka kabla hujawagawia wanafunzi.

Tafadhali usiwapange kuwa watetezi wa demokrasia na wapinzani wake. Kwenye mkutano wa kutunga Katiba ya Marekani, Philadelphia mwaka 1787, hakuna aliyetaka nchi nzima itungiwe sheria na wananchi waliokusanyika wenyewe, kama ilivyokuwa kwenye mikutano ya miji ya Massachusetts. Uwakilishi waliukubali. Walichogombania ni mwakilishi mmoja asimamie watu wangapi, na nchi kubwa kiasi gani inatawalika namna hiyo. Wabane hapo.

Upande mmoja wape hoja ya Madison, mmoja wa waliotunga Katiba hiyo: nchi ikipanuka makundi yanakuwa mengi, na ni vigumu kundi moja kupata wingi wa kuwakandamiza wengine. Wa pili wape ya Brutus, yule mwandishi wa New York aliyejificha nyuma ya jina la Kirumi: nchi ikiwa kubwa mno, mwakilishi hawajui watu wake wala wao hawamjui. Tena Baraza la Wawakilishi lilipangiwa viti 65 tu kwa kuanzia! Wapige hesabu ubaoni: akidi 33, basi kura 17 zinatosha kupitisha muswada humo. Hata wa viti vya nyuma wataamka.

Na wasisahau nani alihesabika. Katika kugawa viti, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, na kura hawakuwa nayo.

Nirudi kwenye idadi, maana ndipo penye utamu. Siku ya mwisho, 17 Septemba, hati imeshaandikwa, mjumbe Gorham wa Massachusetts akaomba kile kiwango cha watu 40,000 kwa mwakilishi kishuke hadi 30,000. Washington, mwenyekiti aliyenyamaza karibu mkutano mzima, akasimama kumuunga mkono. Ikafutwa na kuandikwa upya kwenye ngozi ileile. Mwenye hoja ya Brutus akiikosa hiyo, amejinyima silaha.

Wengi huteleza wakidhani Katiba ilipita kiulaini. Majimbo yalipoipigia kura ya kuiridhia, Massachusetts ilikuwa 187 kwa 168, tena baada ya kuambatanisha mapendekezo ya marekebisho. New York 30 kwa 27.

Kila msemaji ana dakika ngapi? Jaji ni yuleyule wa mwaka jana? Ramani ya majimbo 13 bado iko kwa Mama Tumaini, au nikuchoree nyingine? Na Brutus umempa nani, yule binti mkali wa kidato cha tatu?

Wako,
Salma