Mama asitoke chumba cha kipimo bila maelezo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahudumu wa kliniki za akina mama, na pia na waume zetu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 41. Mwaka jana nilipimwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi kwa njia ya kupaka siki. Muuguzi aliona sehemu imegeuka nyeupe, akaandika kwenye kadi kwamba majibu ni chanya, akaniambia nikasubiri nje. Pale benchini mama mmoja mwenye majibu kama yangu alibeba pochi yake akaondoka. Alisema hawezi kusubiri kuambiwa ana kansa.

Weupe ule peke yake si kansa. Huenda ni seli zilizoanza kubadilika, na hata zile zinazofikia saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila kutumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Tunapimwa ili tutibiwe kabla ya huko. Mimi nilitibiwa siku ileile kwa kifaa cha joto, muda mfupi tu, maumivu kama ya hedhi. Wenye sehemu kubwa zaidi hupewa rufaa, na wengine hukatwa kinyama kidogo kikapimwe. Hayo yote niliyajua baadaye kwa daktari, na yalikuwa maneno ya dakika tano.

Nikaambiwa nisikutane kimwili na mume wangu kwa wiki nne. Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Aliuliza, hivyo virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na kuleta mabadiliko hayo ya seli, nimevitoa kwa nani? Najua swali hilo limewarudisha wanawake kwao. Jamani, karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana huvipata wakati fulani maishani, mwanamume kwa mwanamke, na mwanamume mara nyingi haoni dalili yoyote. Vinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Kipimo hakisemi vimetoka kwa nani wala lini. Nilimwomba mume wangu tuende wote, daktari akamweleza hivyohivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza tarehe yangu ya kurudi.

Tarehe hiyo ni baada ya mwaka mmoja, kwa sababu mabadiliko yanaweza kubaki au kurudi hata baada ya tiba. Kwenye kadi yangu haikuandikwa mpaka tulipoiomba.

Kwa hiyo naomba: mwanamke aelezwe majibu yake mlemle chumbani, kabla hajatoka kwenda benchini. Mume aalikwe kama mwenyewe ameridhia. Tarehe ya kurudi iandikwe. Na namba za simu tunazoandikisha mapokezi zitumike. Yule mama aliyeondoka na pochi yake naye aliandikisha ya kwake. Apigiwe.

Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro