Barua kwa mwanangu: kabla hujamwita baba yako mdogo mwizi

Tukuyu

Mwanangu,

Nimesoma ulichoandika jana usiku kwenye kundi la ukoo. Shangazi yako alikuwa akilalamikia parachichi zilizovunwa kwenye shamba la marehemu babu, nawe ukaingia na sentensi moja: "Baba mdogo ameiba, Kanuni ya Adhabu iko wazi." Watu wakakumiminia dole gumba. Baba yako mdogo ameona, hajajibu neno. Asubuhi hii shangazi yako amenipitia nyumbani akielekea kituo cha polisi, simu mkononi, imefunguliwa pale pale kwenye maneno yako. Nimemkalisha, nimempa chai, nimemwomba asubiri mpaka kesho. Amekubali kwa shingo upande.

Ningeweza kukupigia, lakini nakujua. Kwenye simu utasema "sawa mama" na yataishia hapo. Hii isome taratibu.

Mimi si mwanasheria. Nilikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo mpaka nilipostaafu: nimeita majina ya washtakiwa koridoni, nimetunza majalada, nimefunga karatasi za vielelezo kwenye majembe, kwenye magunia ya mahindi, hata kwenye kuku aliye hai. Hayo ninyi wanafunzi wa sheria mnayoyaita actus reus, yaani kitendo chenyewe, na mens rea, yaani nia ya kosa, nimeyasikia kwa mahakimu, na sitajifanya nayajua kukuzidi wewe. Ila nimewaona wakiyatafuta mbele ya watu wenye hasira, na hapo ndipo mtu hujua kama ameyaelewa au ameyakariri tu.

Rudi kwenye tafsiri ya wizi katika hiyo Kanuni ya Adhabu uliyoitaja, Sura ya 16. Haisemi kwamba kila aliyechukua kitu cha mwenzake ni mwizi. Inataka awe amechukua kwa hila na bila madai ya haki, yaani bila kuamini kwa dhati kwamba ana haki nacho. Wengi wenu mnashika "kuchukua", mnashika "cha mwenzake", mnafunga kitabu. Tena kwa shamba la babu hata hilo la "cha mwenzake" halijajibiwa. Mzee ameondoka bila wosia, msimamizi wa mirathi hajateuliwa, na miche yote ile alipanda baba yako mdogo, wewe ukiwa bado unasoma Form Two.

Kuna kesi mbili za baiskeli ambazo hunijia kila nikisikia mtu anaitwa mwizi. Katika ya kwanza, kijana alikuwa akimdai jirani yake ujira wa kuchuma chai. Jirani anamzungusha, leo kesho, leo kesho. Mwisho kijana akaenda akachukua baiskeli ya yule bwana, akashtakiwa. Mashahidi wakaeleza walivyomwona nayo na yeye hakubisha hata mmoja. Hakimu akamuuliza swali moja: "Ulipoichukua, ulipita njia gani?" Akasema alipita barabara kubwa, akasimama kwa mwenyekiti wa kitongoji, akamwambia baiskeli ya fulani iko kwangu, akinilipa aje aichukue. Mwenyekiti akaitwa, akakiri aliambiwa. Wazee wa baraza, wale washauri wawili wanaoketi na hakimu, wakatazamana. Kijana akaachiwa huru, baiskeli ikarudi kwa mwenyewe, na kuhusu deni akaambiwa akafungue madai.

Katika ya pili mshtakiwa naye alisema anadai. Baiskeli ikaletwa, nikainama kufunga karatasi ya kielelezo. Chini ya kiti, pale inapogongwa namba ya fremu, palikuwa pamepakwa rangi ya bluu yenye michirizi ya brashi, na fremu yote iliyobaki ni nyeusi iliyochubuka. Hakimu alisogea akapatazama, akarudi kukaa, akaandika. Mtu anayechukua anachoamini ni haki yake hana sababu ya kufuta namba. Huyo alitiwa hatiani.

Kitendo kile kile, maelezo yale yale mdomoni, hukumu mbili tofauti. Na ushike hili, maana huulizwa sana: dai la yule kijana wa kwanza halikuwa sahihi kisheria. Sheria hairuhusu mtu kujilipa kwa baiskeli ya mwenzake. Kilichomwokoa ni kwamba aliliamini kwa dhati na hakuwa na hila.

Sasa mtazame baba yako mdogo. Amevuna Jumamosi mchana, mnunuzi amekuja na mizani yake, kilo zimeandikwa kwenye daftari, majirani wamesaidia kubeba kreti, na yeye mwenyewe alinitumia ujumbe jioni kunieleza ameuza kiasi gani. Mimi naona amefanya ubabe. Angewaita dada zake kwanza, na hela angeiweka mpaka kikao. Lakini ubabe ndani ya ukoo haujawa kosa la jinai. Shangazi yako ana pa kwenda: mirathi ifunguliwe mahakamani ateuliwe msimamizi, na kama ubishi utahamia kwenye ardhi yenyewe, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko atatakiwa kuonyesha tu kwamba upande wake una uzito kuliko wa mwenzake. Kwenye jinai upande wa mashtaka lazima uthibitishe bila kuacha shaka la maana, na ukishindwa, mshtakiwa anatoka hata kama hakimu mwenyewe hampendi.

Umeniuliza mwezi uliopita nia inathibitishwaje wakati hakuna aliyeingia kichwani mwa mtu. Nilikujibu juu juu kwa sababu nilikuwa sokoni. Jibu lipo kwenye rufaa iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ilipoketi hapa Mbeya, ya Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, Rufani ya Jinai Na. 150 ya 1994. Mahakama ilisema muuaji hatangazi nia yake, kwa hiyo inasomwa kwenye mambo yanayoonekana: silaha aliyotumia, nguvu aliyopigia, sehemu ya mwili aliyoilenga, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyotoa kabla na baada, na mwenendo wake kabla na baada. Rangi ya bluu kwenye fremu ni hilo la mwisho.

Na kwa kuwa uko Iringa, usinisomee kesi za Uingereza peke yake. Panda gari la kuelekea Dodoma, utafika Isimani kabla hujachoka. Huko, tarehe 25 Desemba 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la mkuu mwenyewe, akaupeleka polisi Iringa. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, akahukumiwa kunyongwa. Wazee huko watakusimulia kila mmoja kwa namna yake maneno yaliyosemwa pale shambani, na wengi bado wanabishana nani alikuwa mbaya. Wewe usiingie humo. Kuhusu mkono uliofyatua hapakuwa na la kubishania, kwa hiyo kesi nzima ilibaki kwenye akili yake dakika ile. Na uchungu wa mtu kuhusu shamba lake ni sababu ya kutenda. Sababu haihesabiwi kuwa nia, na sheria yetu kwa kawaida haiijali katika kuamua hatia. Mtu anaweza kuwa na sababu inayoliza na bado akawa alikusudia.

Kughadhibishwa nako kuna mipaka yake. Kunaweza kushusha kosa kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia, nao huo ni umbali mkubwa: kwa la kwanza adhabu ni kifo, kwa la pili ni hadi kifungo cha maisha, na jaji ana nafasi ya kushuka chini sana. Lakini lazima tusi au kitendo kiwe cha kumtoa akilini mtu wa kawaida wa jamii ile ile ya mshtakiwa, na yeye awe ametenda kabla damu haijapoa. Masika hii utaona watu wamejaa kwenye vilabu vya ulanzi. Mtu akitukanwa pale pale, akarusha alichoshika, mwenzake akafa, jaji atapima ghadhabu, atapima na ulevi kama ulimwachia uwezo wa kukusudia. Akiondoka, akaenda nyumbani, akatafuta panga, akarudi, ile njia ya kwenda na kurudi itamhukumu.

Uchawi usiniulize sana, unaniudhi. Hapa kwetu na huko kwenu watu wameuawa, wazee hasa, na muuaji anakuja mahakamani kusema aliamini kwa dhati kwamba bibi yule alimroga mwanawe. Mahakama za Afrika Mashariki zilishasema tangu enzi za mkoloni kwamba imani tupu, hata ya kweli moyoni, haitoshi kuwa utetezi. Naona walisema sawa kabisa.

Mengine utayasoma mwenyewe, hayana ugumu: mtoto chini ya miaka 10 hawezi kuwa na hatia ya jinai, wa chini ya 12 mpaka ithibitishwe alijua anachofanya ni kibaya, kutojua sheria si utetezi.

Lakini nia ya pamoja isome mara mbili. Pale Mwanjelwa, Mbeya, mtu akipiga kelele ya mwizi, watu wanaokota mawe, na kila mmoja anajiambia jiwe lake si lililoua. Sheria haimtafuti mwenye jiwe la mwisho. Walioungana kutimiza jambo haramu, na kifo kikawa tokeo la kutegemewa la jambo hilo, kila mmoja anahesabiwa ameua. Na yule aliyelala chini huenda alikuwa kijana wa baiskeli, mwenye dai lake. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Umeisoma, nina hakika. Umeisoma halafu jana ukaandika vile mbele ya ukoo mzima.

Mpigie baba yako mdogo leo, wewe mwenyewe, usitume ujumbe. Shikamoo kwanza, halafu mwambie uliandika bila kumsikiliza. Kwenye kundi futa ile sentensi na uandike kwamba suala ni la mirathi, ili shangazi yako aone kutoka kwako, maana mimi hanisikilizi kama anavyokusikiliza wewe mwenye chuo. Mama mwenye nyumba mpe kamwene yangu.

Kisha itafute hukumu ya Kipela kwenye TanzLII, ile tovuti ya hukumu za Tanzania, hailipiwi. Chukua yale mambo yaliyotajwa, yaweke mbele ya tukio la Isimani moja moja, hasa la mwisho: mtu ameua, hakukimbia, amebeba mwili mwenyewe hadi polisi. Je, mwenendo huo unamwondolea nia, au unaonyesha tu kwamba hakuwa na haja ya kuificha? Niandikie unavyoona. Mimi nina jibu langu, lakini sikwambii kwanza.

Mama yako