Wanafunzi wa biashara wapelekwe sokoni

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nikiwa kidato cha pili, na sijawahi kuleta hata mstari mmoja kwenye ukurasa huu. Ile habari yenu kwamba wahitimu wa shahada za biashara hawajui kazi na bado wanachagua kazi ndiyo iliyonishinda kunyamaza. Kwamba hatujui kazi ni kweli, na mimi ni ushahidi. Kwamba tunachagua kazi ni dhuluma, kwa kuwa mwandishi wenu aliwahoji waajiri bila kumuuliza mhitimu hata mmoja alifundishwaje.

Mwaka jana nilimaliza shahada ya uhasibu na fedha katika chuo kimoja cha Kanda ya Kaskazini. Mama yangu anauza mchele katika soko la Mbuyuni hapa Moshi, na mchele huo ndio uliolipa sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia. Miezi miwili baada ya mahafali alinikabidhi madaftari yake matatu akaniomba nimtengenezee hesabu za mwaka, kwa kuwa alishaelezwa kwamba mfanyabiashara mdogo anayetunza kumbukumbu anaweza kukadiriwa kodi nafuu kuliko asiyetunza. Nilikaa na madaftari hayo siku tatu. Mchele mwingine aliuchukua kwa mali kauli kutoka kwa wakulima wa Mabogini na Chekereni, akawa anaulipa kidogo kidogo. Mwingine tuliupika nyumbani. Wote aliununua kwa gunia na kuuza kwa kilo, na kati ya gunia na kilo kulikuwa na pungufu ambalo hakuna aliyeliandika popote. Mimi niliyepata A katika uhasibu wa fedha, niliyekuwa naandaa kwa Kiingereza mizania ya kampuni ya kubuni na ikalingana, sikujua pa kuanzia. Mama hakusema neno. Asubuhi aliyachukua madaftari yake akaenda nayo sokoni.

Nilikuwa wapi miaka yote mitatu? Baada ya mwaka wa pili tulipewa wiki nane za mafunzo kwa vitendo, ambazo wanafunzi tunaziita fildi. Chuo kilinipa barua ya utambulisho na kuniacha niizungushe mwenyewe. Niliipeleka katika ofisi 11 za Moshi na Arusha, nauli ikitoka mfukoni mwa mama, na ni ile ya mwisho tu iliyonipokea. Huko nilitoa nakala za nyaraka, nikabana karatasi kwa pini, nikapeleka bahasha na kuchemsha chai. Hakuna siku niliyoruhusiwa kufungua leja, kumtazama mtu akisuluhisha hesabu za benki, wala kuigusa mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Kila Ijumaa nilitakiwa kujaza daftari la mafunzo, nami nilijaza yale niliyoambiwa na msimamizi niandike, ilimradi kurasa zisibaki wazi. Naona aibu kulisema hili, lakini wenzangu wengi walifanya vivyo hivyo, na mhadhiri aliyetumwa kunikagua alikaa dakika 20, akasaini, akaondoka bila kuniuliza nimejifunza nini. Nilipewa B+. Nilipokwenda kulalamika idarani nilijibiwa kwamba alama yangu ni nzuri, sasa nalalamikia nini, na mwaka uliofuata mdogo wangu wa darasa akapelekwa kwenye mashine ileile ya kutolea nakala.

Hata kuingia chuoni kwenyewe kunamchosha mtoto wa muuza mchele. Tangu mwaka 2017, utaratibu wa kuomba vyuo vyote kupitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ulipoondolewa, mwombaji anaomba chuo kimoja kimoja. Mimi nilikuwa na ufaulu wa kidato cha sita wa ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, uliovuka pointi nne zinazotakiwa katika masomo mawili, lakini sikupata mtu wa kunieleza tofauti ya uhasibu, masoko, na ununuzi na ugavi. Nilikisia, nikalipa ada ya maombi katika vyuo vitatu, nikachaguliwa viwili, kisha nikashinda siku nzima nikisubiri namba ya kuthibitisha chuo kimoja kati ya hivyo, kwa sababu niliandikisha simu ya mama naye alikuwa nayo sokoni. Ada ya maombi irudishwe kwa asiyechaguliwa.

Kuhusu fildi, napendekeza hivi. Kila wanafunzi wawili wa mwaka wa pili wakabidhiwe meza moja ya soko, Mbuyuni kwa walio Moshi na Kilombero kwa walio Arusha, tangu chuo kinapofunguliwa hadi mitihani ya mwisho wa mwaka. Watunze daftari la fedha la meza hiyo, wahesabu mzigo uliobaki kila Jumamosi jioni, waandike mali kauli na mchele uliopikwa nyumbani, kisha wamsomee mwenye meza hesabu zake kwa Kiswahili. Alama 40 kati ya 100 za somo zitoke huko, na zisihesabiwe bila sahihi yake. Huu ni mji ambao wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, na Chuo cha Ushirika, ambacho siko nilikosoma, kilianzishwa hapa mwaka 1963 kwa ajili ya kuwaandaa watendaji wa vyama vya watu wa namna hiyo. Hesabu za mkulima na mchuuzi si jambo geni kwetu.

Mama amekubali meza yake iwe ya kwanza. Chuo kitakachokuwa tayari kiwalete wanafunzi wawili Jumamosi yoyote saa kumi jioni, anapoanza kufunga magunia. Nitakuwepo, na madaftari yatakuwepo.

Mhitimu wa uhasibu na fedha,
Pasua, Moshi