Barua ya wazi kwa Waziri wa Majoka na Anga

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Kasese. Hunijui, na mimi nakujua kwa kusimuliwa tu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kimoja chini ya Milima ya Rwenzori, upande wa Uganda. Wewe unaishi ndani ya daftari la kurasa tisini na sita la mtoto wa dada yangu. Nchi yako bado haina jina (mtunzi anasema jina litakuja lenyewe), lakini kiti chako cha dhahabu kimeelezwa ukurasa mzima na robo, na sheria zako nimesomewa zote, jioni baada ya jioni, umeme umekatika na sisi tunasubiri maharage yaive.

Nimesikiliza mpaka sura ya saba, na nimehesabu wafu wako. Waliokufa vitani ni wanne. Waliokufa "kwa laana ya mlima", "kwa huzuni" na "usingizini" ni kumi na mmoja. Waimbaji wako wanawaimba wale wanne. Mimi nimekuja kwa ajili ya hawa kumi na mmoja.

Laana ya mlima kwanza. Mpanda joka wako anaondoka bondeni asubuhi, na kabla umande haujakauka yuko kwenye theluji, ambako anakesha zamu ya siku tatu. Hapa kwetu mji uko kwenye takribani mita 1,000 na kilele cha Margherita kina mita 5,109. Anayekwenda kwa miguu anatumia kama wiki nzima kupanda na kushuka, kambi hadi kambi, akilalamika matope. Matope hayo ndiyo yanayomwokoa, maana yanamchelewesha, na mwili unapata muda wa kuizoea hewa nyepesi. Wapanda milima wanashauriwa kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Joka lako linapanda mita 4,000 kabla mtu hajamaliza kutafuna muhogo wake.

Huko juu mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo pumzi ni ileile lakini oksijeni ndani yake ni karibu nusu. Saa kadhaa zikipita, kichwa kinaanza kugonga. Halafu kutapika. Usiku mtu anatembea kama aliyekunywa waragi, anajibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza. Huyo hajalaaniwa, Mheshimiwa, ubongo wake unavimba. Mwingine mapafu ndiyo yanayojaa maji. Niliwahi kumwona mpagazi kijana aliyeshushwa kutoka kambi ya juu. Wenzake walisema kule alikuwa anakohoa povu la waridi, kama maziwa yaliyodondoshewa damu, na hakuweza kumaliza sentensi. Walimbeba usiku kucha kwenye machela ya miti. Alipotufikia alikuwa bado amechoka, midomo imekauka, lakini alikuwa anauliza kama kuna chai. Oksijeni tulimpa, ndiyo. Ila dawa kubwa alikuwa ameshaipata njiani, nayo ni kushuka.

Sasa nisomee sheria yako ya nne. "Mpanda joka atakayeshuka bila kuitwa na tarumbeta ya ikulu atanyang'anywa joka lake." Mheshimiwa, wewe umekaa bondeni kwenye dhahabu. Aliye juu anajisikia kichwa kinapasuka na joka lipo hapohapo, dakika chache yuko chini, amepona. Watu wetu wangelipa ng'ombe wapate machela ya namna hiyo! Lakini anabaki pale akisikilizia tarumbeta, na asubuhi mnaandika laana.

Baridi nitaipitia haraka. Kila mita 1,000 ukipanda, joto linapungua kama nyuzi 6 na nusu. Bondeni kukiwa na nyuzi 30, pale kileleni zimebaki kama 4, na joka likienda kilomita 60 kwa saa, ngozi isiyofunikwa inahisi kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Vijana wetu wa bodaboda wanalijua hilo bila kipimo: wanavaa koti zito kinyumenyume, mgongo wa koti kifuani, hata jua likiwaka. Wanaamini upepo unaleta nimonia. Nimonia inaletwa na vijidudu, nimewaeleza mpaka nimechoka, lakini koti wasilivue. Wapanda joka wako umewavisha vizibao vya chuma. Chuma, kwenye theluji! Mtunzi anasema vinang'aa vizuri. Na ile helmeti yenye pembe, kila picha aliyochora imening'inia kwenye tandiko badala ya kuwa kichwani. Hapo sikucheka, kwa sababu hata hapa helmeti nyingi zinaishi kwenye kiwiko, zikimsubiri trafiki.

Nakuja kwenye mapango, na hapa naomba uniazime masikio yote mawili.

Sura ya tatu, wapanda joka watatu walilala pangoni na joka lao lililokuwa mgonjwa, linatoa moshi kidogokidogo puani. Kwa sababu ya baridi wakaziba mlango kwa ngozi za ng'ombe. Hawakuamka. Umeandika kwamba mizimu iliwachukua kwa upendo. Huku kwetu, msimu wa mvua, familia inaingiza sigiri chumbani, mkaa unawaka taratibu, dirisha linafungwa, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokaa ndani ya damu mahali pa oksijeni. Mtu hapigani nayo kwa sababu haioni. Joka linalofukiza ni sigiri yenye mabawa. Lilale ndani wao walale nje, au walale wote lakini mlango uwe wazi na baridi iwaume.

Sura ya tano ndiyo iliyonikosesha usingizi. Yule mpanda joka aliyekuwa anafagia pango la majoka ya zamani, lenye popo "wengi kama nyota". Baada ya siku kumi macho yakawa mekundu, homa, kutapika, damu. Akafa. Mama yake aliyemwosha akamfuata, na shangazi aliyemshika mama akamfuata. Mmeimba kwamba huzuni imeua nyumba nzima.

Nilimsimamisha msomaji pale pale.

"Mtoto, hii umeitoa wapi?"

"Kichwani, mama mdogo. Kwani vipi?"

Vipi! Hapa hapa, katika msitu wa Maramagambo ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kuna pango la popo, na chatu wanaishi humo wakiwala popo hao. Yaani joka wako, ila bila moto. Mwishoni mwa 2007 mtalii Mmarekani aliingia pale, akarudi kwao akaugua sana, akapona. Mwaka 2008 akaingia mtalii Mholanzi, akarudi kwao, akafa. Ulikuwa ugonjwa wa Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola. Mwaka huohuo wa 2007 ulikuwa umewapata wachimba madini katika mgodi wa Kitaka, nao ulikuwa umejaa popo. Wanasayansi waliwapima wale popo walao matunda wakavikuta virusi, na popo wenyewe hawaonekani kuumwa. Mtu huchukua kati ya siku 2 na 21 kabla ya kuanza kuugua, na kwa siku hizo anakuwa ameshafika nyumbani na ameshasahau pango. Halafu wanaomwuguza na kumwosha wanaupata kutoka kwake. Damu ya mtu wa daftarini siwezi kuipima, lakini huzuni haimfuati shangazi kwa mpangilio ule.

Mtunzi akaniambia joka linatema moto, vijidudu vinaungua. Nikamwambia moto unatokea mdomoni, kinyesi cha popo kiko mgongoni kwenye tandiko, na mpanda joka amekalia tandiko. Alinyamaza kidogo, akaandika kitu pembeni mwa ukurasa. Natumaini ni glavu.

Yapo na madogo ambayo hayaui lakini yanachosha. Masikio: anayeshuka na basi mteremko wa Kichwamba kuja huku bondeni anajua yanavyoziba, naye anashuka polepole na anameza mate. Joka linalojitupa kutoka theluji mpaka mtoni linaweza kumpasua mtu ngoma ya sikio, hasa akiwa na mafua. Haja ndogo: wapanda joka wako hawanywi maji ili wasisumbuke angani, kama abiria wa basi la usiku wanaoogopa dereva hatasimama wachimbe dawa, na dada zetu ndio wanaorudi na maumivu ya mkojo. Mguu: nina kovu upande wa ndani wa shavu la mguu wa kulia, la mviringo, nililipata kwa salensa ya bodaboda siku niliposhuka upande usiofaa. Ukikaa foleni yoyote Kampala utayaona mengi ya namna hiyo. Salensa ni bomba moja tu. Joka lina joto mwili mzima. Wape suruali za ngozi.

Na watoto wadogo wa wapanda joka wasicheze na magamba halafu wakala bila kunawa. Wanyama wa jamii ya nyoka na mijusi hubeba salmonela bila kuonyesha dalili, na kuhara kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hakuhitaji vita ili kumwua.

Lakini ukiniambia nichague moja tu, Mheshimiwa, nitaacha glavu, nitaacha suruali. Futa sheria ya nne. Andika kwamba mpanda joka akiumwa kichwa na kutapika juu ya theluji anashuka saa hiyohiyo, bila tarumbeta, na hakuna wa kumwita mwoga.

Nina sababu ya haraka. Sura ya saba imeishia kwa binti wa miaka kumi na sita, peke yake kileleni, usiku wa pili wa zamu, katikati ya kile ambacho wazee wa Kikonzo hapa wanakiita nzururu, yaani theluji. Ametapika mara mbili. Amejaribu kufunga kamba ya tandiko, vidole havikumtii, na anazungumza na bibi yake aliyekufa zamani. Joka linamtazama. Mtunzi amefunga daftari hapo kwa sababu Jumatatu anarudi bweni, na daftari la hadithi haliruhusiwi bwenini, litabaki kwangu juu ya kabati mpaka likizo. Hiyo ni karibu miezi mitatu. Jumapili jioni, akishamaliza kupanga sanduku, amenikubalia ataandika mstari mmoja zaidi. Kalamu nimeshamtafutia.

Wako,
Muuguzi, Kasese