Kwanini gunia la chumvi linalowa na hakuna aliyelimwagia maji

Juzi mama mmoja anayeuza kayabo (sangara wa kukaushwa kwa chumvi) pale soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, karudisha gunia la chumvi dukani kwangu, chini limelowa chapachapa, ananiambia "mwanangu umelimwagia maji uzito upande". Sikukasirika, hata mimi zamani ningewaza hivyohivyo.

Kwanza chumvi haitoki ziwani kwetu jamani, hili ni maji baridi, chemsha pipa zima utaambulia tope. Inatoka pwani, na ile ya Uvinza kule Kigoma inatokana na maji chumvi ya ardhini. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvichumvi za kila aina, yanaachwa kwenye mabwawa jua linapiga tu, maji yanapungua, inatangulia kutuama chokaa, inafuata jasi, yakibaki kama sehemu moja ya kumi ndo chumvi yenyewe inaanza kujitenga punje punje. Jua likienda taratibu unapata zile nene za mawe, ukiharakisha kwa moto zinatoka ndogondogo.

Sasa shida iko mwishoni. Maji yanayobaki ni machungu, yamejaa madini ya magnesiamu, inabidi yamwagwe. Mwenye tamaa anaacha yakaukie humohumo, na magnesiamu inavuta unyevu wa hewani kuliko chumvi yenyewe, na hewa ya huku ziwani si mnaijua, gunia linaanza kulia lenyewe. Kwenye sangara ndo balaa, inaleta uchungu afu inachelewesha chumvi kuingia kwenye nyama.

Mama hakuniamini, basi nikachota chumvi ya gunia lake nikaikoroga kwenye glasi ya maji ya moto, nikachuja na kitambaa (mchanga ulibaki mwingi tu, aibu), nikamimina kwenye sahani nikaianika juu ya bati. Kesho yake vipande vya mraba vimejipanga safi kabisa, ila pembeni kuna maji mazito yamegoma kukauka. Akachovya kidole akalamba, uso ukakunjamana.

Ndo maana siku hizi magunia yanapofika tunayapanga juu ya mbao yachuruzike kwanza, tunapima baadae, kwahiyo hulipii maji. Ukiona limelowa lirudishe tu tutabadilisha. La yule mama nimelitundika nyuma ya duka, mpaka leo linadondosha.