Sukari haiponi kwa mfungo wa mwezi mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo linalonikera tangu Ramadhani iliyopita, pale nilipomsikia mtu mzima anayeheshimika hapa Ngamiani, Tanga, akiwaambia wenzake barazani kwamba mwenye ugonjwa wa sukari akifunga mwezi mzima kwa ikhlasi, damu yake husafika na dawa anaweza kuziacha. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, nami ni mfungaji kama yeye, kwa hiyo siandiki kuibeza ibada. Naandika kwa sababu wiki ile ile niliitwa nyumba ya pili kumpima jirani yangu, mama ambaye hakukosa kufunga hata siku moja, na saa mbili baada ya kufuturu mashine ikasoma 19. Kwa mwenye afya, saa hiyo haitakiwi kuvuka 7.8.

Sinia ilikuwa bado mkekani. Palikuwa na mabaki ya mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati zilizolowa shira, bakuli la uji wa pilipili manga na jagi la juisi ya ukwaju ambayo, kwa maelezo ya binti yake, ilitiwa sukari kwa upawa. Mchana kutwa mwili wa yule mama ulipumzika, kisha ndani ya nusu saa ukamiminiwa wanga na sukari ambayo hata kongosho zima lingehangaika nayo, sembuse lake.

Kwamba chakula cha watu wa dini kina uhusiano na maradhi yao ya uzeeni ni jambo lililochunguzwa kwa miongo mingi, na waliochunguzwa zaidi ni Waadventista Wasabato, ambao kwetu waliingia mwaka 1903 kupitia milima ya Upare, si mbali na hapa. Huko California, Marekani, watafiti walianza kuwafuatilia mwaka 1958, na hesabu iliyotolewa mwaka 2001 ilionyesha kuwa wanaume wa Kisabato waliishi wastani wa miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4.4 zaidi. Msomaji makini atasema kuwa hawavuti sigara wala hawanywi pombe, basi huenda siri ni hiyo. Ni kweli kwa sehemu yake. Lakini watafiti waliwalinganisha pia Wasabato kwa Wasabato, wote wa kanisa moja, na katika kundi la watu zaidi ya 73,000 wale wasiokula nyama, au walioila kwa nadra tu, walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 12 kuliko wenzao walaji nyama katika miaka ile ya ufuatiliaji. Waliokula karanga, korosho, lozi na jamii yake mara tano kwa wiki au zaidi walipata mshtuko wa moyo kwa kiasi cha nusu tu ya waliokula chini ya mara moja kwa wiki. Karanga, Mhariri! Kitu kinachouzwa kwenye kikaratasi pale stendi.

Ninachokiona katika habari hizi ni kwamba Msabato yule hakula vizuri kwa mwezi mmoja tu. Alikula hivyo Jumatatu na Ijumaa, masika na kiangazi, miaka 30 au 40, akiwa na jamaa zake wote wa kanisani, hata hakuhitaji kujieleza akiikataa nyama kwenye sherehe. Nguvu hiyo hospitali hatuna. Nimewapa wagonjwa vikaratasi vya ushauri wa lishe nikijua wazi kuwa wakifika nyumbani watafungia bizari.

Sisi Waswahili tunaihesabu miezi kwa kufungua: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa, ndipo ije Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Maradhi yanajengwa katika ile miezi tisa tunayoihesabu. Wanaopungua uzito Ramadhani hupungua kidogo, kilo moja au zaidi kidogo, nao wengi huurudia baada ya wiki chache. Wakristo wa hapa nao wasicheke, kwani nimeona Ijumaa za Kwaresima nyama ikiachwa na mahali pake kuingia nguru aliyekaangwa katika mafuta yaliyotumika tangu juzi.

Kuhusu kuacha dawa, hilo nalipinga bila kumung'unya maneno. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, kwa wagonjwa wa sukari Waislamu zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba katika Ramadhani sukari kushuka vibaya na sukari kupanda vibaya, vyote viwili, viliongezeka mara kadhaa kuliko miezi mingine. Mgonjwa anayetaka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla, apangiwe upya dozi na saa za dawa. Ambaye daktari amemkataza, Qur'ani yenyewe imempa ruhusa, na kukaidi ruhusa hiyo hakumwongezei ucha Mungu.

Ombi langu ni kwa kamati za misikiti na za makanisa, ambazo ndizo zinazopika kwa masufuria makubwa kuliko mtu yeyote mjini. Maulidi ya Mfungo Sita yanakuja. Pilau ipikwe, na nazi sisemi iachwe, maana Tanga bila nazi itakuwa mji mwingine. Ila maji ya kunywa yatangulie mbele ya watu kabla ya soda, juisi itiwe nusu ya sukari ya mwaka jana, na badala ya sahani ya pili ya kaimati watu wapewe papai, machungwa na karanga za kukaanga bila chumvi. Kamati itakayokubali kujaribu iniambie, nami nitakuja na mashine yangu ya kupimia sukari na kukaa pembeni ya mlango wa kutokea. Vijiti vya kupimia nitavinunua mwenyewe.

Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga.