Safari ya baiskeli: andikeni na habari ya jicho, siyo mgeni rasmi tu

Mhariri, salaam. Asanteni kwa kuiandika safari yetu ya baiskeli ya Dar mpaka Bagamoyo, ya kuchangisha nauli za watoto wenye saratani, picha ilitoka vizuri na mgeni rasmi kaonekana, ila nimesoma mpaka mwisho sijaona hata sentensi moja ya kilichomuua huyo mtoto tunayemkumbuka, binti wa dada yangu. Mmeandika saratani, basi, mkapita.

Ilikuwa saratani ya jicho, madaktari wanaiita retinoblastoma, inawashika watoto wadogo, wengi hata miaka 5 hawajafika. Huyo binti mboni yake ilikuwa inang'aa weupe kama jicho la paka gizani, ukimpiga picha ya flashi jicho moja linatoka jekundu, lingine jeupe. Nyumbani kila mtu akawa na lake, huyu anasema makengeza, yule anasema karogwa, akazungushwa kwa waganga huku uvimbe unakua tu, anafika Muhimbili umeshatoka nje ya jicho. Na ikiwahiwa inatibika jamani! Hata jicho likitolewa mtoto anabaki hai, anaenda shule, anasumbua watu kama wenzake. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri zaidi ya 80% ya watoto wenye saratani wanapona, nchi nyingi maskini hawafiki hata 30%, na kuchelewa kumo.

Halafu kuna waliotucheka eti tunachangisha nauli, mbona siyo mashine. Matibabu pale Muhimbili ni bure, sawa, lakini kemo, yaani dawa za saratani, ni miezi, mama katoka Kigoma kaacha wengine nyumbani, akirudi kwao hela ya basi la kumleta tena atoe wapi? Ndo hapo wanaishia njiani.

Siku ya safari dada anakuja nyuma yetu na kirikuu cha maji, Bunju, Mapinga, popote tunapopumzika utamkuta anawaomba akina mama wamwoneshe picha za watoto kwenye simu. Wengine wanamuona kachanganyikiwa.

Mkija tena mgeni rasmi mpigeni tu picha, ila wekeni na hili: ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto, au makengeza yameanza tu, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Na ndugu zake wapimwe pia maana wakati mwingine inarithiwa. Mdogo wake marehemu tulishampeleka, macho yake mazima.

Mjomba mtu,
Tegeta